Baiskeli Iliyomwendea Mama Mkwe

Mdogo wangu Saidi,

Salamu kutoka kwa wakwe zangu huku Tongoni. Juzi mvua ilinikuta njiani, baiskeli yako ya umeme uliyoniazima ikazama dimbwini na kuzimika. Niliikokota hadi nyumbani, nikaifuta, nikaianika uani. Betri sikuitoa, sikujua kama inatakiwa.

Jana asubuhi mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi. Nikabonyeza swichi nione kama taa itawaka. Taa ikawaka, mara gurudumu likaanza kuzunguka lenyewe, usukani ukaniponyoka, baiskeli ikamwendea mama mkwe mbio! Nilipiga ukelele. Akajirusha pembeni, mbuzi ikapinduka, baiskeli ikajibamiza ukutani na gurudumu bado linazunguka.

"Kitoe roho hicho chombo! Kitoe roho!" mama mkwe akanipigia kelele. Nikachomoa betri.

Nilisubiri matusi, Saidi. Badala yake akanishika mabega, akanikagua mikono na miguu. "Hukuumia, mwanangu?" Tangu niolewe hajawahi kuniita hivyo. Nikaangua kilio palepale, nazi imetapakaa miguuni petu.

Mchana fundi alifungua kile kishikio cha kuongezea mwendo, akakuta maji yamejaa ndani. Amekisafisha na kukikausha, sasa baiskeli inakwenda vizuri. Lakini nikishakurudishia, ikilowa tena, toa betri kwanza, usiiwashe hata kwa kuijaribu.

Mbusu Mama. Mungu akukinge na kila unachokipanda.

Dada yako,
Mwanaidi