Risasi Nilizokujazia, Kaka

Pruett Creek, Montana
Jumapili, Februari

Kaka yangu Delmar,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Jicho linaendeleaje? Binti yako Corinne aliniambia kwenye simu kwamba daktari ameridhika nalo, na kwamba sasa unaweza kusoma vichwa vya habari ukilisogeza gazeti dirishani. Ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nataka uisome barua hii mwenyewe, hata ikikuchukua siku nzima. Tafadhali usimpe Corinne akusomee. Na mkono je? Bado unahisi muwasho pale ambapo vidole havipo tena?

Mimi mwili ni mzima. Theluji imefika kwenye vioo vya madirisha upande wa kaskazini, na barabara ya kwako nimeisafisha mara mbili kwa trekta lako, ambalo bado lina tabia yake ile ile ya kukataa kuwaka mpaka litukanwe. Ng'ombe wako wanakula vizuri. Mbwa amenenepa kwa sababu namlisha kila akiniangalia, naye hafanyi kazi nyingine ila kuniangalia. Marla wa duka la vyakula vya mifugo anakusalimu. Anasema kiti chako pale karibu na jiko hakuna anayekikalia.

Kaka, ninayo habari ya Orrin Tvedt, na najua hutaki kulisikia jina hilo. Vumilia.

Orrin anafunga duka. Ametoa bunduki zote ukutani na kuzirudisha kwa waliomuuzia, na zana zake amezipanga kwenye masanduku. Kuna kibao mlangoni kinachosema ahsanteni kwa miaka yote. Tangu Krismasi hakuna aliyempelekea bunduki kutengeneza. Watu wanakwenda mpaka mjini Missoula, mwendo wa asubuhi nzima kwenye barafu, kwa sababu ya yale yaliyokupata wewe. Pale kwa Marla wanamwita Mzee Kipofu, na wanaona wamesema jambo la kuchekesha.

Acha nikukumbushe ilivyokuwa, kwa sababu wewe uliyaona kwa upande wako na mimi kwa upande wangu.

Unakumbuka ile asubuhi ya Oktoba tulipokwenda wote dukani kwake, wewe ukitaka ile bunduki mpya kwa ajili ya msimu wa kulungu. Orrin alipiga simu ofisi ya serikali inayokagua kama mnunuzi amewahi kufungwa, kama afanyavyo kwa kila mnunuzi, na ofisi ikajibu kwamba jina lako lisubiri kwanza. Kumbe kuna Delmar Hollenbeck mwingine huko Nevada aliyewahi kufungwa. Uliwaka kaka, wewe ukaanza kupiga meza. Ukamwambia, "Orrin, mimi na wewe tumesoma darasa moja. Umenijua tangu makamasi yananitoka. Leo unamuuliza mtu wa simu kama mimi ni jambazi?" Orrin akasema, "Siulizii wewe, Del. Naliulizia jina lako."

Sheria inamruhusu mwenye duka kukabidhi bunduki siku tatu za kazi zikipita bila jibu. Siku zikapita. Ukarudi, naye akakataa. Akasema yeye husubiri jibu lenyewe, liwe zuri au baya, na akishalipata atakuletea bunduki mpaka mlangoni kwako. Watu walikuwepo, wakacheka. Ukamwambia yeye ni karani wa serikali aliyevaa aproni. Alifuta tu kaunta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

Ukaja kwangu jioni ile bado umefura. Ukasema basi, utawinda na bunduki ya baba, ile ambayo Orrin mwenyewe aliirekebisha kiangazi kilichopita, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani. Ukaniomba nikujazie risasi. Ukasema, "Dada Vonda, wewe nakuamini kuliko kiwanda." Nilifurahi kusikia hivyo. Unajua nilivyo na mashine yangu ile ya kujazia baruti kwenye maganda yaliyokwisha kutumika. Tangu mume wangu Walt afariki, yale maganda, zile fataki za kuwashia baruti, mizani yangu ndogo, ndiyo mambo yaliyokuwa yananishikilia jioni zisinimeze. Pale kilabuni kwetu kwa walenga shabaha wananitolea mfano wakifundisha wapya, wanawaambia fanyeni kama Vonda.

Jumamosi tukaenda machimbo ya zamani kujaribu shabaha kabla ya msimu kufunguliwa. Ukaweka risasi ya kwanza. Sitaandika sauti ile. Niliona moshi, kisha nikaona umekaa chini kama mtu aliyechoka, mkono wako wa kulia uko mapajani, na unaniuliza kwa upole kabisa, "Vonda, mbona kumekuwa na giza?"

Ulipokuwa kwenye helikopta ya hospitali, askari wa sherifu aliyaokota kipande kwa kipande mabaki ya bunduki ya baba. Akasema kile chuma cha nyuma kimepasuka. Mtu mmoja akauliza nani aliitengeneza mara ya mwisho, na jina la Orrin likatajwa. Hapo ndipo lilipoanzia. Siku mbili baadaye ofisi ya ukaguzi ikajibu kwamba wewe huna tatizo lolote. Orrin akaichukua ile bunduki mpya, akaendesha gari mpaka kwako kama alivyoahidi, akakuta nyumba imefungwa. Akaja hospitalini. Wewe na Corinne mkakataa asiingie. Nilimpita kwenye korido akiwa ameshika kofia yake, nikamsalimia kwa kichwa tu.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Mwezi wa Januari, wewe ukiwa umeshahamia huko Spokane kwa Corinne, Orrin alikuja kwangu. Sikumkaribisha vizuri, nilimwacha asimame jikoni na koti lake. Akaniambia kwamba amekaa na kufikiri, siku baada ya siku, juu ya kile chuma. Anakumbuka alikipiga tupa, anakumbuka alikipima, lakini hakumbuki kama alikipima mara ya pili. Akasema kiangazi kile mkewe alikuwa mgonjwa na pengine akili yake haikuwepo. Akasema, "Nadhani ni mimi, Vonda. Nimejaribu kufikiri vingine, nimeshindwa. Mwambie Del kwamba sitashindana naye. Wakili wake akija nitakubali kosa." Akanyoosha mikono yake mbele yangu niione, ilikuwa inatetemeka. Akasema tangu siku ile hawezi kushika tupa.

Nilimwambia nitakufikishia. Sikukufikishia. Alipotoka nilifunga mlango kwa ufunguo.

Kaka, keti vizuri.

Ile jioni uliyoniomba risasi, mezani kwangu nilikuwa nimemaliza kujaza za bastola kwa ajili ya mashindano ya kilabu. Baruti ya bastola ilikuwa imebaki kwenye chupa ya mashine. Simu ikalia, nikaongea na Marla muda mrefu juu ya nani ataoka pai za mnada wa kanisa. Niliporudi nikaimimina ile baruti iliyobaki irudi koponi, huku bado namcheka Marla. Niliimimina kwenye kopo lisilo lake. Niliirudisha kwenye kopo la baruti ya bunduki ya kuwindia. Kisha, kwa kopo hilo hilo, nikakujazia wewe.

Unajua kama ninavyojua mimi. Ya bastola huwaka upesi. Ukiijaza ndani ya ganda kubwa kama lile, bunduki haifyatui tena, inapasuka. Hata bunduki ikiwa mpya, hata ikitengenezwa na malaika. Ya kuwindia ni vijiti vifupi, ya bastola ni vipande bapa kama pilipili manga iliyosagwa. Mtoto angeona tofauti. Nilikuwa nimechoka na taa ya juu ya meza ilikuwa imeungua, na badala ya kupanda kiti nibadilishe taa nikasema mikono yangu inajua kazi. Sikuangalia ndani ya kopo. Mimi ambaye watu wanaambiwa wafanye kama yeye.

Lingekuwa ni kosa hilo tu ningekuwa nimeshakuambia ukiwa bado hospitalini. Lakini sikiliza nilichofanya. Pale machimboni, kabla askari hajafika, nikiwa nimekufunga mkono kwa skafu yangu na tunasubiri helikopta, niliona boksi la risasi zilizobaki kwenye kiti cha gari lako. Nilikuwa nalia, kaka, nililia kweli, na huku nalia nikalichukua boksi nikalitia kwenye mfuko wa koti. Sikuwa nimejua bado. Nilikuwa nimehofu tu, na hofu hiyo ilinitosha. Nilipofika nyumbani nikaing'oa kichwa risasi moja, nikamimina kilichomo kwenye sahani nyeupe. Vipande bapa vitupu. Nikakaa navyo mpaka chai yangu ikaganda juu.

Halafu nikawa naenda kwa Marla kama kawaida. Wakawa wanazungumza juu ya Orrin, na ingetosha ninyamaze. Sikunyamaza. Mtu mmoja aliuliza, hivi na zile risasi je, nani alizijaza? Nikajibu upesi, kabla hajamaliza, "Orrin anazeeka, jamani. Mmemwangalia mikono?" Wakati huo mikono yake haikuwa inatetemeka, Delmar. Ilianza kutetemeka baada ya mimi kusema.

Juma lililopita wakili wako alinipigia simu. Kijana mwenye adabu, ananiita mama. Akasema anachohitaji kwangu ni kidogo tu, niseme mbele ya hakimu, katika kesi yako dhidi ya Orrin, kwamba risasi zilijazwa sawasawa, kwa sababu kila mtu kaunti nzima ataniamini. Hilo ndilo lililonivunja. Kwamba nitaaminiwa.

Basi jana asubuhi nilikwenda dukani kwa Orrin. Alikuwa anafunga mashine yake ya kuchongea vyuma kwa gazeti. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sina haki ya kuombwa nikae. Aliposikia hakupiga kelele. Alikaa juu ya sanduku akaniuliza maswali ya kifundi, rangi ya baruti, risasi ilijaa kiasi gani, na kila jibu nililompa alilirudia taratibu. Kisha akaanza kulia, na sikujua mtu wa umri wake anaweza kulia namna ile, kwa mabega.

Alipotulia aliniambia kwa nini husubiri jibu la ukaguzi. Alipokuwa kijana alimkabidhi mtu mmoja bunduki siku zilipotimia, kwa sababu sheria iliruhusu na mtu alikuwa anaharakisha. Jibu la kumkatalia lilikuja wiki iliyofuata. Mke wa yule mtu alikuwa ameshazikwa. Akasema, "Hatia ile ilikuwa yangu kweli, Vonda. Ya Del niliibeba kwa sababu nilishazoea kubeba." Akanyanyuka, akaniomba niondoke. Akaniambia hanichukii lakini hataki kuniona kwa sasa. Nilikubali.

Kutoka pale nilikwenda kwa sherifu, nikampa boksi na kopo, nikaandikisha maelezo. Nilimpigia wakili wako simu pia. Leo baada ya ibada nilisimama kanisani nikawaambia watu, na Marla alitoka nje kabla sijamaliza. Sijui kama nitashtakiwa kwa kuficha. Sherifu anasema mwanasheria wa kaunti ataamua.

Utauliza kwa nini wewe umekuwa wa mwisho, wewe uliyepoteza jicho. Nakujua, kaka. Ungeniambia ninyamaze. Ungenisamehe huko huko chumbani kwa Corinne, sisi wawili tu, ukasema yamekwisha, mimi ni dada yako, na Orrin angebaki na kosa ambalo si lake mpaka anaingia kaburini. Nami ningekubali kusamehewa hivyo. Najijua. Kwa hiyo niliufunga mlango huo kwanza, ndipo nikakaa kukuandikia. Kama nimekosea hata katika hilo, liongeze kwenye makosa yangu.

Nimetenganisha mashine ya kujazia na kuikabidhi kilabu. Siwezi kusema siitamani. Jioni zimekuwa ndefu.

Ijumaa nitachukua basi la asubuhi kuja huko. Ningeweza kusema haya kwenye simu, au nikusubiri nifike ndipo niseme, lakini nilitaka uwe na siku kadhaa za kunikasirikia bila kunitazama usoni. Ukiona huwezi kunipokea, usimtume Corinne aje kunieleza. Yeye hajui, na ni wewe utakayechagua kumwambia. Usifungue mlango tu. Nitakaa kidogo pale barazani, nisikie kama mko wazima ndani, kisha nitarudi kituoni.

Msalimu Corinne na mumewe, na umwambie asijisumbue kupika kwa ajili yangu. Mungu aendelee kulilinda hilo jicho moja.

Ni mimi dada yako,
Vonda