Fuvu Juu ya Kifuniko

Nyandira, Mgeta
Jumanne

Kaka Amosi,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu marehemu Mama alitufundisha kuitoa, usidhani imetoka moyoni. Wifi Jesca na watoto hawajambo? Sisi huku tupo, isipokuwa jicho la kulia la Baba. Hilo lilipotea Jumatano ya Majivu, na daktari amesema halirudi.

Najua umeambiwa ni jani la hindi lilimchapa. Ndivyo Baba anavyowaambia wageni wote, hata Padre, ili mwanawe wa mjini asiaibike. Simu zangu hupokei, basi barua hii ameibeba Maneno wa bodaboda, na nimemwambia asiondoke dukani kwako mpaka aone umeifungua.

Ile dawa ya kabichi uliyotuletea, uliipima kutoka kopo kubwa ukaitia kwenye chupa za soda. Kopo lina maandishi. Chupa ina fuvu ulilolichora mwenyewe kwa kalamu nzito juu ya kifuniko. Baba alikuuliza fuvu la nini. Ukamcheka mbele ya watu, ukamwambia hilo ni la wadudu, mzee asijitie woga, fuvu ndiyo nembo ya dawa dume. Watu wa huku, ambao nao hawakuzidi akili, wakazigombania. Jirani yetu Paulo alitamba nje ya kanisa kwamba fuvu lake kubwa kuliko la Baba.

Baba akapima vifuniko vinne kwa bomba moja la kunyunyizia, kama ulivyomwelekeza. Akimimina cha tatu, dawa ikamrukia jichoni. Akajifuta kwa mkono wa shati, akaendelea na matuta yake, maana dawa si ya wadudu? Mfereji wa maji ulikuwa unapita miguuni pake, Kaka. Miguuni pake.

Hospitali wakataka chupa. Daktari akaigeuza huku na huku, akaniuliza kama tumekuja kutibiwa soda. Nikamwomba radhi, mimi niliyenunua mashamba yangu kwa jasho la njegere bila kumpigia mtu magoti.

Ndipo nikashuka hadi dukani kwako Kilakala. Ulikuwa umekwenda Kingolwira. Wifi akanitolea kopo, nikalisoma lote nimesimama. Chini lina ukanda mwekundu wa sumu kali, na huo hauhitaji shule. Juu yake kuna picha za glavu, miwani na mikono inayonawa. Kwa Kiswahili kitupu limeandikwa: ikiingia machoni, osha papo hapo kwa maji mengi. Kipimo ni kifuniko kimoja kwa bomba la lita kumi na sita. Wewe ulisema vinne, chupa iishe upesi turudi kununua.

Njia nzima ya kushuka nilikuwa nakutungia matusi ya mjinga, na yalikuwa mazuri. Yamekwenda bure. Nyuma ya mlango niliona miwani na glavu zimetundikwa, nikamuuliza wifi ni za nani. Akasema, maskini, bila kujua anasema nini, kwamba ni zako, kwamba kopo lile hulifungui bila kuzivaa, na mtoto akichungulia ukiwa unapima unamfukuza kama mbwa.

Kumbe picha unazisoma. Ni sisi tu uliotuchorea za kwako.

Pole yako sitaki. Huku zimebaki chupa kumi na tisa majumbani mwa watu; ya Agnes iko kabatini pamoja na sukari. Nimewaambia wazitoe, wakanijibu nina wivu na duka la kaka yangu, na tena Baba mwenyewe kasema ni jani la hindi. Watakusikia wewe tu. Jumapili misa ya kwanza inatoka saa tatu. Usimame mlangoni mwa kanisa, uwaambie fuvu lile ni la nani. Simama kushoto kwa Baba, jicho lililobaki liko huko.

Mpe Maneno jibu kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni: unakuja au huji. Usipokuja, nitasema mimi, na nitakuwa nimevaa miwani yako. Usihangaike kuitafuta nyuma ya mlango, ninayo.

Msalimie wifi. Baba naye anakusalimu sana. Hizo ni salamu zake, mimi simo.

Mdogo wako,
Winfrida