Faulo ya Mwende

Jumatatu, 4 Machi 1996

Kazini kama kawaida. Faili, mihuri, chai ya rangi kwa sababu karani mwenzangu alimaliza maziwa tena. Jioni, uwanja wa mtaa hapa Mbotela, kufundisha watoto kukaba bila kushika. Wanashika tu.

Barua ya kamati ya marefa imefika. Jumamosi nitachezesha fainali ya vyuo ya mpira wa kikapu ya wasichana, mimi na refa mwenzangu Kamau. Miaka kumi na moja napuliza firimbi, na hii ndiyo fainali yangu ya kwanza. Nimeisoma barua mara tatu, mara ya tatu nikiwa kwenye choo cha ofisi.

Jumatano, 6 Machi

Chuo cha ufundi cha hapa kwetu kimeshinda nusu fainali! Chuo kisicho na uwanja wake. Wasichana wanafanyia mazoezi kwenye changarawe yetu. Jumamosi watakutana na chuo kikuu, ambao kombe wamelizoea hata hawalifuti vumbi.

Nahodha ni Mwende, binti wa Mutua, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimfundisha kudunda mpira akiwa na miaka tisa. Ringi tuliichomelea mimi na babake kwa chuma cha kitanda kibovu.

Ningepaswa kuiambia kamati itafute refa mwingine. Lakini sheria inataja ndugu, na jirani si ndugu. Nimejificha hapo. Ukweli ni kwamba naitaka fainali.

Alhamisi, 7 Machi

Shirika moja kubwa linaanzisha timu ya wanawake. Kocha wao ametangaza: wachezaji wawili wa timu itakayochukua kombe watapewa kazi, na nyumba pia.

Mutua alipunguzwa kazi ya udereva Desemba. Nyumba wanayokaa ni ya kazi hiyo. Mwisho wa mwezi wanairudisha na kwenda Kitui, na Mwende anaacha chuo. Isipokuwa apate kazi yeye. Mtaa mzima unajua.

Nimeacha kuwasalimia. Ndivyo tulivyofunzwa: wiki ya mechi, refa hamjui mtu. Leo nilimwona Mama Mwende dukani, nikapitia nyuma kwenye matope na viatu vya ofisi. Mtu mzima najificha kama mwizi wa kuku.

Jumamosi, 9 Machi. Jioni

Chuo kikuu 51, sisi 50. Nimeandika "sisi". Lo.

Kipindi cha kwanza wasichana wetu waliongoza. Wale wakubwa wa chuo kikuu walikuwa wanahema. Wakati wa mapumziko kocha wa chuo kikuu alinijia mbele ya watu wote. "Refa, si mnakaa mtaa mmoja na hawa?" Mashabiki wake wakadaka hapo hapo. "Refa wa mtaa! Mmebebwa!" Waliimba hivyo mpaka mwisho.

Kipindi cha pili nilikuwa mkali. Kila mguso wa wasichana wetu nilipuliza.

Sekunde za mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja. Mwende akapenya katikati. Beki wao akaja mbele yake, wakagongana, mpira ukaingia. Nikapuliza. Faulo ya Mwende, kikapu hakihesabiwi. Wakapewa mpira, muda ukaisha.

Nilikuwa sahihi. Beki akishasimama, miguu imetulia, anayemgonga ndiye mwenye kosa. Na beki alikuwa amesimama.

Mwende hakubisha. Nahodha anaruhusiwa kuuliza. Aliokota mpira, akanipa mkononi.

Kocha wa chuo kikuu alinisalimia kwa mikono miwili. Eti mimi ni mtu wa haki.

Jumapili, 10 Machi

Sikusikia mahubiri. Baada ya ibada Kamau alinisubiri langoni. Aliuliza kwa adabu kama yule beki alikuwa amesimama. Nikamwambia alikuwa amesimama. Akasema sawa mzee, akaenda zake.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mama Mwende ameniletea muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, bakuli limefunikwa sahani. Anasema nimekonda. Kazi wamepewa wawili wa chuo kikuu, kwa hivyo yeye na familia yake watahama tarehe thelathini. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeniaga tu. Nimekula chote.

Jumatano, 13 Machi

Basi niandike. Kitabu hiki hasomi mtu.

Miguu haikuwa imetulia. Beki alikuwa bado anasogea, bega mbele. Niliona. Niliona kabla pumzi haijafika kwenye firimbi. Kwa pembe ya jicho nilimwona pia yule kocha wao, amesimama, mdomo tayari. Nikawaza watasema nini juu yangu. Nikapuliza.

Sikuwapendelea wakubwa. Nilijipendelea mimi. Nilitaka kuonekana mnyoofu mbele ya watu nisiowajua, na gharama nikamtwika mtoto niliyemlea. Najichukia.

Jumatatu, 18 Machi

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwa kamati. Nilimwambia katibu kila kitu. Uamuzi wa uwanjani haubadilishwi, akasema, na kila refa akija kutubu hapa tutacheza lini? Akacheka. Kisha akanipangia nusu fainali ya wanaume mwezi ujao. Nikaikataa. Alidhani naumwa.

Nilipita pia kwa kocha wa shirika. Alinisikiliza vizuri kabisa. Nafasi zilikuwa mbili na zimejaa.

Sijamwambia Mwende. Mara mbili nimefika mlangoni kwao nikarudi.

Jumamosi, 30 Machi

Wamehama leo. Lori lilikuja asubuhi. Mimi na Mutua tulibeba kabati, tukalifunga kamba. Mama Mwende alikaa mbele na dereva, ameshika jiko mapajani asiamini mtu nalo.

Mwende alikuwa ndani anafagia. Nikaingia. Nilimwambia nikiwa nimesimama hapo mlangoni, haraka, nisije nikageuka tena. Kwamba kikapu chake kilikuwa halali. Kwamba kosa lilikuwa la yule beki, na langu.

Akaacha kufagia.

"Uncle, uliona saa ile ile ama baadaye?"

Ningeweza kusema baadaye. Yeye mwenyewe alikuwa amenipa neno hilo.

"Saa ile ile."

Aliitikia kwa kichwa. Akamalizia kona iliyobaki, akazoa taka, akatoka nje na kufunga mlango. Akanipa ufunguo niupeleke ofisi ya nyumba, maana lori lilikuwa linangoja.

Waliondoka saa nne. Ufunguo nimeupeleka.