Benchi la Kanisani Lililogeuzwa Rafu ya Viatu

Kapsoya,
Eldoret.
18 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Waiyego,

Nakuandikia nikitumaini kwamba u mzima huko Toronto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mvua ni nyingi na mahindi yameota vizuri. Wifi yako Tabby anauliza kama unakula vya kutosha.

Binti yangu Waceke aliacha kazi ya benki, na sasa anatengeneza fanicha kwa vitu vilivyotupwa. Huokota mbao, matairi na chupa, akavisugua na kuvipaka rangi. Nilipokalia kiti chake cha tairi kwa mara ya kwanza, nilizama hadi kiunoni, ikabidi nivutwe na watu wawili. Hata hivyo, watu hununua.

Mwezi wa pili, kanisa moja la Huruma lilileta viti vya plastiki na kuuza mabenchi yake ya zamani. Waceke alinunua moja, akalikata, akatengeneza rafu ya viatu na kuiweka mlangoni. Ubao wa juu aliuacha na maandishi yake: UKUMBUSHO WA MAMA NASAMBU. Alisema yanapendeza. Mimi niliyasoma kila asubuhi, nikaridhika kwamba tahajia ilikuwa sahihi.

Jumamosi iliyopita tulipata wageni. Lenny, kijana anayetaka kumwoa Waceke, alimleta baba yake, Mzee Kituyi, kutuona kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumeonywa kwamba mzee huyo alitaka mwanawe aoe msichana wa kwao Bungoma. Akikataa, Lenny hangethubutu kumpinga. Waceke hakuwa amekula tangu jana yake.

Unajua sheria ya nyumba yangu. Nilimwomba Mzee Kituyi avue viatu.

"Mimi huvua viatu nikienda kulala," akasema.

"Hapa huvuliwa mlangoni," nikamjibu.

Tabby alinifinya, lakini nilikuwa nimeshasema. Mzee akavivua, vikiwa vimejaa matope, akaviweka juu ya rafu. Kisha akabaki ameinama. Nilidhani kiuno kimemkamata.

"Mzee Mbuthia," akasema polepole, "viatu vyangu viko juu ya mama."

Kumbe Nasambu alikuwa mama yake mzazi. Wakati huo wakiishi Huruma, aliuza mboga mwaka mzima ili kanisa lipate benchi hilo, na Kituyi mwenyewe, akiwa kijana, ndiye aliyelibeba kichwani. Naye Lenny, mjukuu wa Nasambu, amekuwa akiweka raba zake juu ya jina hilo kwa miezi mitatu.

"Na wewe hukusoma?" baba yake akamwuliza.

"Baba, mimi nikifika hapa huwa namwangalia Waceke."

Dada, mimi si mtu wa kuomba msamaha, nawe umelalamika juu ya jambo hilo tangu utotoni. Siku hiyo nilipiga magoti nikiwa na soksi, nikaondoa viatu vile, nikafuta matope kwa leso yangu, herufi moja baada ya nyingine. Waceke alikuwa ameegemea ukuta, machozi yakimtoka.

Nilipomaliza, Mzee Kituyi alimgeukia mwanawe.

"Nyanya yako amekaa kwa watu hawa miezi mitatu, na hajalalamika. Mimi ni nani nikatae nyumba ambayo mama amekubali?"

Tukanywa chai. Alikunywa vikombe vinne.

Harusi ni mwezi wa nane, lakini ametoa sharti moja: siku hiyo atakalia benchi la mama yake, likiwa limeunganishwa upya. Waceke alikubali haraka, ndipo akakumbuka kwamba miguu ya benchi aliitumia kwa meza aliyomwuzia mkulima mmoja wa Moiben. Kwa hiyo kesho mimi na Mzee Kituyi tunakwenda Moiben pamoja, wazee wawili wenye suti, kumbembeleza mtu tusiyemjua atupe miguu ya meza yake. Mzee Kituyi amesema atakayezungumza ni mimi, kwa kuwa sasa nimejifunza kupiga magoti.

Wasalimie Joy na Brian. Ndugu yetu Kinuthia naye anakusalimu. Mungu akulinde katika baridi hiyo, akurudishe kwetu salama kabla ya mwezi wa nane.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Gerishon Mbuthia