Mate ya Baraka Bisil

Dada Wambui,

Bisil ni vumbi tupu, lakini chai ni tamu. Kile kitabu cha Marekani ulichoniazima, cha kanisa linalomvisha mwanamke alama ya dhambi, nimekimaliza. Hao ni sisi kabisa! Mimi nilipompata mwanangu Kamau bila bwana, si nilivuliwa kitambaa cha kwaya nikapelekwa benchi ya nyuma?

Sasa sikia. Leo sokoni mama mmoja Mmaasai anayeuza shanga alimwinamia Kamau, akamtemea mate kichwani. Niliwaka! Nikamwuliza, "Hata wewe unamhukumu mtoto?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapana, mama. Kwetu mtoto tunambariki hivyo." Kisha akamfunga ushanga mwekundu mkononi.

Miezi yote hii nimeinamisha kichwa, na mgeni kabisa ameona baraka. Basi, nimechoka kuinama.

Nawapenda sana, wewe na watoto. Jumapili niwekee nafasi mbele kabisa, karibu na yule mzee wa kanisa aliyenisomea adhabu. Nataka washirika wote waone vile Kamau amechukua masikio ya mzee huyo.

Njeri wako