Mvukuto Haulishi Moto

Mpendwa baba,

Mwangaluka. Leo Ijumaa nimekagua kila nati mara tatu, kama siku ile nilipofunga gasketi yangu ya kwanza, wewe umesimama nyuma yangu.

Masanja, kitinda mimba wako, kesho anashindana kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Kwa gari lako, baba. Injini ni ile ile uliyotuachia, ndani haijabadilishwa kitu, naye amenunua mtungi wa naitrasi wa kuipa nguvu ya ghafla. Nilikataa. Akasema, "Dada, usipofunga wewe, atafunga fundi mwingine." Nikafunga.

Juzi nikamkuta anapunguza petroli inayoingia kwenye injini.

"Si gesi hii?" akashangaa. "Itawaka yenyewe, kama ya jikoni."

Niliketi juu ya tairi. Neno moja tu, gesi, lingetoboa pistoni zako na pengine kuniulia ndugu.

Nikakukumbuka ukinyoosha chuma kwa moto pale Somanda, mimi nasukuma mvukuto kwa pupa hadi mkaa ukaisha. "Ng'wana wane, mwanangu," ukaniambia, "mvukuto haulishi moto. Mkaa ndio unalisha." Nikamrudishia Masanja maneno hayo hayo. Naitrasi haiwaki, ni pumzi tu. Pumzi ikizidi, petroli nayo izidi, la sivyo injini inajitafuna. Akairudishia injini petroli yake.

Nimeweka tundu la naitrasi lililo dogo kuliko yote, pua inayonyunyiza petroli ya ziada, plagi za baridi zaidi, zisizoshika joto sana, na taimingi ya cheche nimeirudisha nyuma kidogo. Naitrasi haifunguki mpaka akanyage mafuta hadi chini. Hata hivyo naogopa. Kila gari likipita hapa gereji nasikia kugonga kwa injini inayojitafuna, hata kwa gari lisilo na hitilafu.

Unakumbuka ulivyotufundisha kuendesha? Ulikaa kiti cha abiria ukafumba macho, ukasikiliza injini badala ya kutazama barabara, mama nyuma anapiga kelele. Sikio hilo ulinirithisha mimi. Masanja ulimpa ujasiri, na sijui ulikuwa unafikiria nini.

Basi swichi kuu ya naitrasi nimeifunga upande wa kiti chako, mbali na mkono wake. Lazima ishikiliwe, ukiiachia, inakata. Amenuna, lakini amekubali. Kesho nitakaa hapo, mkanda nimefunga, macho nimefumba. Injini ikigonga mara moja tu, naachia kidole.

Pumzika, baba. Zamu ya kusikiliza ni yangu.

Binti yako wa gereji