Mbio za magari zimeniumbua

Shoga uko wapi? Nimeumbuka leo! Nimeumbuka!

Ile laptop ya mjukuu wangu imenizimikia tena katikati ya gemu la mbio za magari. Na kazi yake ya chuo imo humo, hajaituma!

Kaja na fundi. Mimi niko kwenye kochi, nafuma.

Fundi anasema, "Hii haina kadi yake ya picha, gemu zito inalibeba kwa shida. Ukipunguza ubora wa picha itavumilia. Lakini mbona inachemka hivi?"

Akaigeuza. Shoga! Kile kifuniko nilichoifumia isiingie vumbi kimeziba matundu yote ya hewa!

Mjukuu kanikazia macho. "Bibi, mimi sichezi gemu. Nani anacheza?"

"Labda paka."

Fundi akavua kifuniko, akaiacha ipoe, akaiwasha. Kazi ipo yote! Mtoto machozi yanamlenga, nami roho ikatua.

Basi ningenyamaza. Fundi akafungua gemu ili kulijaribu, likauliza kama aanze mbio upya. Mdomo huu, shoga, mdomo huu!

"Usianze upya," nikapiga kelele, "nilikuwa naongoza!"